Kipini Nyuma ya Spidomita

Jina la nchi yetu sitalitaja. Si mimi ninayelificha. Limefichwa na serikali, ili matapeli wasije wakaiuza nchi. Waliokwisha kuiuza wanalijua, lakini hao ni viongozi, na kwetu kiongozi haitwi tapeli. Nimefundisha somo la uraia mpaka nikastaafu, na jambo la kwanza nililowafundisha watoto ni kwamba serikali haikosei kamwe, ila raia huchelewa kuielewa. Kwa hiyo msome kwa adabu. Nitakayoyaeleza ni mafanikio matupu, na mahali nitakapoonekana nimesaga meno, jueni ni meno ya uzee.

Kwetu magari ya kale ni mengi kuliko mapya. Mlezi wa Taifa aliyetangulia aliwahi kugombana na ulimwengu mzima akafunga bandari, akisubiri ulimwengu umwombe radhi. Ulimwengu haukuomba. Basi magari yaliyokuwepo yakalazimika kuishi. Yakazibwa kwa mabati ya sufuria, yakafungwa kwa kamba, yakasomewa dua. Bandari ilipokuja kufunguliwa, wageni walishuka wakaona Pijo za zama za babu zao zinatembea barabarani na kupiga honi, wakashika vichwa. Kumbe huko kwao matajiri huziweka sebuleni na kuzifuta vumbi kwa hariri. Wakaanza kununua, na wanunuzi walipoanza kuja, wezi nao hawakuchelewa.

Lakini wezi walipata tabu sana, maana tulikuwa na desturi mbili za kishenzi ambazo hazikuandikwa popote.

Ya kwanza iliitwa kusimulia gari. Anayeuza gari hupanda juu ya bampa, sokoni, mchana kweupe, akalisimulia mbele ya watu: lilinunuliwa na nani, likahamia kwa nani, liliangukia mtaro upi, injini yake ilitoka wapi. Kila akimaliza jambo moja, watu huitikia, "Tunalijua!" Akitia uongo, watu hunyamaza. Hawazomei, hawatukani, wananyamaza tu, na sijapata kumwona muuzaji aliyeweza kusimama juu ya bampa katikati ya ukimya ule.

Ya pili ilikuwa alama. Kila mwenye gari alificha kitu kidogo mahali fulani ndani ya gari lake, na aliyejua ni yeye na mtu wake mmoja wa nyumbani. Likizuka gomvi la nani mwenye gari, kila mdai humnong'oneza mshenga alama yake. Ndiyo, gari lilikuwa na mshenga, kama binti wa watu. Mshenga hufungua, akatazama, akafunga, na mdomo wake akaufunga pia. Historia ya gari ilikuwa ya watu wote, na alama ilikuwa ya mwenyewe. Siri ya mtungi aijuaye kata, ila mtungi wenyewe kila mtu anauona.

Bwana Faraji Mkwanda, mfanyabiashara wa magari, alipanda bampa mara nyingi, na kila mara akakutana na ukimya. Mtu mwingine angebadili kazi. Yeye alibadili sheria, kwa kuwa dada yake alikuwa ameolewa na Waziri wa Kumbukumbu na Usahaulifu.

*

Waziri huyo, Profesa Shomari Ngwale, aliitisha mkutano wa hadhara akatangaza kwamba utapeli wa magari ya kale umefika kooni. Alikuwa na haki ya kujua, maana ulikuwa umefika kwa shemeji yake.

"Ndugu wananchi," alisema, "taifa linalojua kila kitu ni taifa la wambea. Taifa lisilojua kitu ni taifa la vipofu. Sisi tutakuwa katikati. Sisi tutafumba jicho moja."

Tukapiga makofi. Mwandishi mmoja wa habari akainua mkono.

"Mheshimiwa, jicho lipi?"

"Hilo ni siri," akasema Waziri, na mwandishi akasindikizwa nje ili akapumzike.

Ndipo ilipozaliwa Mamlaka ya Uwiano wa Siri na Uwazi. Wataalamu wake walijifungia kwenye hoteli ya ufukweni kutafuta uwiano, wakautafuta mpaka msimu wa kamba wa baharini ukaisha. Walipotoka walikuwa wamenenepa na wameafikiana. Walisema taarifa za gari ziko za namna mbili, kwa hiyo haki ni kufunga nusu na kufungua nusu. Majina ya wamiliki na historia ya gari vikafungwa kabisa, ili kulinda faragha. Alama za siri zikafunguliwa kwa umma, ili kukuza uwazi.

Rudieni kuisoma sentensi hiyo, tafadhali. Mimi niliirudia nikidhani mchapaji amekosea. Kile ambacho mji mzima ulipaswa kukijua, kikafungiwa kabatini. Kile ambacho mtu alipaswa kuzikwa nacho, kikabandikwa ukutani pale posta, kwa herufi kubwa, ili hata mwizi mwenye macho mabovu asihangaike. Nusu kwa nusu! Kama mtu ana mlango na dirisha, na wewe fundi ukamziba mlango kwa matofali halafu ukang'oa dirisha, utasimama mbele yake umwambie umemjengea kwa uwiano? Nilikuwa nikifundisha kwamba sheria ni mama. Siku ile niliona ni mama wa kambo.

Kusimulia gari nako kukawa kosa la jinai. Kosa lenyewe liliitwa "kuvujisha historia".

*

Sasa mjue Bi Sikudhani. Ni jirani yangu, mjane wa marehemu Fundi Hatibu, na mali yake yote duniani ilikuwa Pijo moja ya rangi ya maziwa iliyoachwa na mumewe. Kwetu bibi harusi hapandi gari jipya. Tunaamini gari ambalo halijawahi kuharibika njiani halijui subira, na bibi harusi hapelekwi kwa mumewe na kitu kisichojua subira. Kwa hiyo mabibi harusi wa mtaa wetu, na wa mitaa ya mbali, walipelekwa na Pijo ya Bi Sikudhani, akiendesha mwenyewe, ameketi wima na kanga zake mpya. Gari lile ndilo lililomlisha. Na kusema kweli ndilo pia lililombakizia mume, maana kila alipoliwasha aliongea nalo kama anaongea naye.

Amri ilipotoka kwamba kila mwenye gari la kale akaliandikishe, alikwenda, nami nikamsindikiza. Kijana wa Mamlaka alikuwa na suti mpya, na marashi yaliyotutangulia kutusalimu.

"Mama, taja alama," alisema, bila hata shikamoo.

"Alama haitajwi, mwanangu."

"Serikali si mtu baki. Ni mzazi wako."

"Mzazi wangu nimemzika, naye sikumwambia."

"Usipotaja, gari linahesabiwa la wizi. Mashine ya kuponda iko uani. Utachagua mwenyewe."

Bi Sikudhani alinitazama. Mimi, mwalimu wa uraia, nikatazama picha ya Mlezi wa Taifa ukutani. Basi akainama, akamnong'oneza yule kijana. Siku walipolinunua gari, Fundi Hatibu alimwomba mkewe avue kipini cha pua, kile alichomvisha siku ya ndoa yao, akakilehemu nyuma ya spidomita. Alimwambia, "Mtu akikwibia gari hili, itabidi akwibie na pua."

Kijana akageuka, akapaza sauti hadi kwa mpiga chapa aliyekuwa chumba cha pili, "Andika! Kipini cha pua! Nyuma ya spidomita!" Foleni nzima ikasikia. Mwanamke yule alijifunika uso kwa kanga kama aliyevuliwa nguo. Niliwaka moto. Lakini nilikuwa raia mwema, kwa hiyo niliwaka kimyakimya.

Wiki ile ile gazeti la serikali likatoa orodha ya alama zote nchini, kila moja na mchoro wake. Mchoraji wa Mamlaka aliona kipini chenyewe kilivyoelezwa, kidogo na cha fedha, hakina hadhi ya taifa. Akachora kikubwa, cha dhahabu, chenye nyota na kijiwe chekundu katikati. Kufika Ijumaa masonara wa mjini walikuwa wameishiwa dhahabu. Wasichana waliotaka kutoga pua waliambiwa wangoje, kwani Bwana Faraji Mkwanda ameagiza vyote.

*

Baada ya hapo Pijo za rangi ya maziwa zilichipua mjini kama uyoga baada ya mvua. Zilikuwa mabati ya juzi yaliyopakwa rangi ya jana, na kila moja ilikuwa na kipini cha dhahabu nyuma ya spidomita. Wageni walizinunua kwa furaha, kila mmoja akiamini ndiye aliyepata ile ya kweli. Hawakuwa na pa kuuliza, maana historia ilikuwa imefungwa. Walikuwa na pa kuhakikisha tu, na huko Bwana Faraji alikuwa ameshatangulia na bisibisi yake.

Mpaka wageni wawili wakakutana hotelini, wakaonyeshana picha za magari yao, wakaanza kupiga kelele kwa lugha zao. Mamlaka ikashtuka. Ikaagiza kila Pijo yenye kipini ikamatwe kwa uhakiki, na askari wakaja mtaani kwetu wakalivuta na gari la Bi Sikudhani. Vibao vya namba wakaving'oa palepale uani kwake, wakavitia mfukoni, ati vielelezo.

Siku ya pili tulikwenda Mamlaka. Tulimkuta kijana yule yule, suti nyingine.

"Nimefuata gari langu," alisema Bi Sikudhani. "Lina faili hapa. Lifungueni mtaona jina langu."

"Faili ni siri, mama. Hufunguliwa mbele ya mwenye faili peke yake."

"Ndiye mimi."

"Thibitisha. Taja yaliyomo."

Akaanza kutaja. Mwaka lilipoingia nchini, mhandisi wa reli aliyelileta, kisha muuza nazi aliyelinunua kwa mjane wa mhandisi. Kijana akaruka kwenye kiti.

"Nyamaza! Umeyajuaje hayo? Hizo ni siri za serikali!"

"Nimeyajua kwa sababu gari ni langu."

"Kama ungekuwa mwenyewe ungejua kwamba hairuhusiwi kuyajua. Ukiendelea nitakuitia askari."

"Na nisipoyataja?"

"Tutajuaje kwamba gari ni lako?"

Nilijaribu kumweleza kijana yule, kwa upole wa mwalimu, kwamba maneno yake yanaumana mikia. Akaniuliza kama nina kibali cha kufikiri ndani ya jengo la serikali. Nilicheka, nikidhani ni mzaha. Akaniwekea daftari la maombi mbele yangu.

*

Siku ya uhakiki ilifanywa sikukuu. Uani kwa Mamlaka kulifungwa turubai, kukaletwa viti vya kukodi na makochi ya wakubwa. Pijo zote zilipangwa mstari mbele ya mashine ya kuponda magari, mashine kubwa ya njano ambayo serikali iliinunua kabla ya kununua mashine ya kusafishia damu hospitalini. Katika kochi la mbele kabisa aliketishwa mama yake Waziri, Bi Mosi, ajuza mwenye bakora, aliyeletwa ili amwone mwanawe anavyosema mbele ya kamera.

Waziri alisema kwa muda mrefu. Alisema uhakiki ni jicho, uwiano ni mboni, na Mamlaka ni kope. Halafu mafundi wakafungua dashibodi moja baada ya nyingine. Vipini vya Bwana Faraji vilimeremeta, nyota zote, vijiwe vyekundu vyote. Walipolifikia gari la Bi Sikudhani wakatoa kitu kidogo, cheusi kwa moshi na miaka, kisicho na nyota wala jiwe.

Waziri alikilinganisha na mchoro wa gazeti. Akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Ndugu wananchi, tapeli amepatikana. Magari haya yote yamefanana na rekodi ya serikali. Hili moja halikufanana. Ni bandia. Liwekwe kwenye mashine."

Bwana Faraji alipiga makofi peke yake, kisha walinzi nao wakapiga.

Ee Mola. Nimeishi chini ya walezi wa taifa wawili, nimepanga foleni ya sukari, nimeimba nyimbo za kuwasifu watu walionipunja pensheni, na kote huko nilijiambia kuna maana mahali fulani ambayo mimi sijaiona. Siku ile niliona hakuna. Mwizi aliiba kwa kufuata mchoro, akapewa hati. Mwenye mali alibaki na mali yake halisi, akaitwa tapeli. Na mjinga aliyechora nyota alikuwa ameketi kwenye kochi, anakunywa soda.

Gari lilibebwa kwa winchi likatuliwa mdomoni mwa mashine. Kabla mtu hajawahi kumzuia, Bi Sikudhani alipanda juu ya bampa.

"Gari hili," alisema, na sauti yake haikuwa kubwa, "lililetwa na mhandisi wa reli, Mgoa, aliyekufa kwa homa."

"Msisikilize!" akafoka Waziri. "Ni historia hiyo! Zibeni masikio!"

Watu walitazamana. Kisha kutoka nyuma, mtu mmoja akasema, "Tunalijua."

"Mke wa Mgoa akamuuzia Kibwana muuza nazi. Kibwana akaliangusha kwenye mtaro wa machinjioni, mlango wa kushoto ukavunjika. Mlango huu ni wa Landrova."

"Tunalijua!"

"Kibwana akamuuzia mume wangu Hatibu, sokoni, juu ya bampa hii hii."

"Tunalijua!" Sasa uwanja mzima ulikuwa umesimama.

"Na mwaka wa mafuriko, ambulensi ilipokataa kuvuka maji, Hatibu alimbeba ndani ya gari hili mwanamke mwenye uchungu. Hawakufika. Mtoto alizaliwa njiani, kiti cha nyuma, mimi nikimpokea kwa kanga yangu." Akageuka akamwelekea Waziri. "Mtoto huyo ni wewe, Shomari."

Pakawa kimya. Kwa mara ya kwanza niliogopa ukimya wa watu wetu, kwa maana jambo hilo hatukulijua. Bi Sikudhani alisimama pale juu peke yake, kama muuzaji aliyetia uongo, na Bwana Faraji alianza kutabasamu.

Ndipo bakora ikagonga chini, na Bi Mosi akainuka kwenye kochi.

"Nalijua," alisema ajuza. "Nani alijue kama si mimi? Shomari, mshushe mwenzangu, umrudishie gari lake. Usinitie aibu."

Waziri alimtazama mama yake. Nilidhani, kwa akili yangu ya kufundishia watoto, kwamba hapo sasa mtu huyu atalia.

Alisogeza kipaza sauti.

"Mahali pa kuzaliwa kwangu ni siri ya serikali," alisema. "Kwa hiyo hakuna rekodi iliyo wazi inayoonyesha kwamba mwanamke huyu ananihusu. Mamlaka haiwezi kufuata maneno ya mtu asiye na kumbukumbu."

Bi Mosi alikwenda polepole na bakora yake, akapanda ngazi ya mashine, akafungua mlango wa nyuma wa Pijo, akaingia, akaufunga. Bi Sikudhani akashuka kwenye bampa akaingia mlango wa pili, akaketi kando yake.

Dereva wa mashine alitoa kichwa dirishani. "Mheshimiwa, ndani kuna mama yako."

"Kwa mujibu wa rekodi," akasema Waziri, "gari hilo ni tupu. Endelea."

Akatazama saa yake, akasema ana kikao cha maadili, akaingia kwenye msafara wake na shemeji yake nyuma, ving'ora vikalia, wakaondoka. Mtu anatoa amri mama yake apondwe, halafu hana hata adabu ya kubaki atazame. Mashetani huko waliko wana haya kuliko huyo.

Dereva wa mashine alizima injini. Alishuka, akavua kofia yake ya chuma, akaiweka chini, akasema kwamba yeye ana watoto na anaogopa laana. Basi tukapanda. Wapishi, wapiga picha, wanafunzi wangu wa zamani, hata mgeni mmoja aliyekuwa haelewi kitu lakini anaelewa mama, tulilishusha gari kwa mikono na wale akina mama wawili ndani yake, tukalisukuma kuelekea getini.

"Kibali cha kutolea gari kiko wapi?" akauliza mlinzi, bunduki mkononi.

Hapo somo la uraia likanifaa kwa mara ya kwanza maishani.

"Gari gani?" nikamwuliza.

"Hilo."

"Hilo limepondwa. Waziri ameamuru lipondwe mbele ya kamera. Unataka kuandika taarifa kwamba amri ya Waziri haikutekelezwa zamu yako?"

Mlinzi alifikiri. Kisha akafungua mageti yote mawili, akageuza uso akatazama ukuta.

Tulilisukuma mpaka uani kwa Bi Sikudhani. Halina vibao vya namba, na gari lisilo na vibao halipakii bibi harusi, wala polisi hawataliacha lifike hata kona ya kwanza. Bi Sikudhani analijua hilo. Tangu siku hiyo anakaanga mihogo kibarazani, na mikono iliyoshika usukani imejaa malengelenge ya mafuta. Bi Mosi hakurudi kwenye jumba la mwanawe, na mwanawe hakutuma mtu kumuulizia, kwa kuwa angemuulizia nani? Analala chumba cha uani, na asubuhi huketi kiti cha nyuma cha Pijo, mlango wazi, akichambua mchele.

Jioni ile ile ya uhakiki, redio ya taifa ilitangaza kwamba gari bandia limepondwa mbele ya wananchi waliojaa furaha, na kwamba utapeli umekomeshwa. Tulikuwa wengi uani, tumechoka, mikono inanuka grisi. Taarifa hiyo tuliisikiliza mpaka mwisho, tukiwa tumeliegemea gari lile.